Figo ya Mbuzi Isiyo na Seli: Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Jinsi Matriksi Inavyojenga Viungo

Chukua figo mbichi ya mbuzi kutoka buchari, upitishe maji ya sabuni ndani ya mishipa yake kwa siku mbili, na seli zake zitatoka na maji kidogo kidogo. Utabaki na figo nyeupe inayopitisha mwanga, umbo lake likiwa kamili: gamba, mishipa mikubwa na midogo, vijirija vya mkojo na vile vitufe vidogo vya kuchujia damu, kila kimoja mahali pake. Kitu hicho kinachobaki ndicho matriksi, yaani mtandao wa protini na sukari ambao seli huutengeneza na kuutandaza nje yake.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa bayolojia, mwanafunzi wa chuo au yeyote aliye Lamu mwenye chumba kimoja, darubini ya shule na subira ya siku saba. Kazi kubwa ni figo. Baada yake kuna jaribio la yai, ambalo linaonyesha matriksi ikifanya kazi kiinitete kikiwa hai, na jingine fupi la mfupa. Tunaanza na figo kwa sababu mtu akishaishika ile figo nyeupe mkononi, maelezo ya ukuaji wa viungo humwingia kwa urahisi zaidi.

Unachohitaji

Figo mbili za mbuzi aliyechinjwa asubuhi hiyo hiyo. Mwambie mchinjaji mapema asizikate karibu na shina: unataka ateri ya figo ibaki na urefu wa sentimita 3 au zaidi. Asipoambiwa atazing'oa kama kawaida, ateri ijifiche ndani ya mafuta, na kazi imeharibika kabla hujaanza. Figo ya pili ni ya kulinganishia, kwa hiyo iweke kwenye friji.

Kanula ya hospitali namba 16 (kimrija cha plastiki kinachoingizwa kwenye mshipa), ile yenye kichwa cha kijivu, bila sindano yake. Mipira miwili ya dripu yenye kidhibiti cha matone. Uzi wa pamba au uzi wa kusafishia meno. Ndoo mbili za lita 10 zenye mfuniko. Beseni. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Chumvi isiyo na vikolezo. Spiriti. Wembe mpya. Methilini bluu kidogo, rangi ya kuonyesha seli kwenye darubini. Sanduku la barafu la wavuvi.

Na sabuni. Vitabu vingi hutaja sodiamu dodesili salfeti, unga mweupe wa maabara. Unafanya kazi vizuri, lakini una kasoro mbili: huganda ukipozwa chini ya nyuzi 20 hivi, na hukorofishana na maji magumu. Kwa mazingira yetu chukua ungarol, ule uji mzito unaouzwa kwa watengenezaji wa sabuni ya maji. Ni ndugu wa karibu wa unga ule, haugandi upesi kwenye baridi, na huvumilia chokaa ya maji vizuri zaidi. Ungarol wa kawaida una takriban asilimia 70 ya kiambato chenyewe, kwa hiyo hesabu iko hivi: gramu 7 kwa lita moja zinakupa mchanganyiko wa nusu asilimia, na gramu 14 zinakupa wa asilimia moja. Gramu 150 zinatosha kazi yote. Usitumie sabuni ya kuoshea vyombo iliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu ina rangi, manukato, chumvi nyingi na wakati mwingine vimeng'enya.

Maji kwanza

Kazi hii huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Maji ya visima vya Lamu yana chumvi na chokaa, na ya bahari usiyafikirie kabisa: yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, wakati damu ya mbuzi inalingana na gramu 9. Maji ya jabia ni afadhali, ila yamekaa kwenye kuta zilizopigwa chokaa na yamebeba sehemu yake. Bora zaidi ni mvua iliyokingwa moja kwa moja kutoka kwenye mabati, baada ya robo saa ya kwanza kuosha vumbi na kinyesi cha ndege, kisha ikachujwa kwa kitambaa safi. Kama hakuna mvua, nunua maji ya betri, ila soma lebo vizuri: unataka maji yaliyotoneshwa. Chupa ya asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo na hufanana nayo.

Utahitaji lita 30 hivi kwa jumla. Hapo ndipo mvua inaposhinda duka.

Kuitayarisha figo

Toka buchari na figo ndani ya mfuko, mfuko juu ya barafu, barafu isiiguse nyama. Usiigandishe figo ambayo utapitishia maji mishipani. Barafu ikitengenezeka ndani hutoboa kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, na baadaye sabuni itavujia kwenye matundu hayo badala ya kufika ndani kabisa.  

Una kama saa moja kabla damu iliyobaki haijaganda. Toa mafuta kwa vidole, usitumie kisu. Acha gamba jembamba linalong'aa. Hilo ndilo linaloizuia figo isifure. Kwenye shina utaona mirija mitatu. Vena ni pana na kuta zake hulegea. Ateri ni nyembamba, kuta zake ni nene, na mdomo wake hubaki wazi hata ukiuachia. Ureta, mrija wa mkojo, ni mweupe na huelekea chini. Ukikosea ukaingiza kanula kwenye ureta, maji yataingia kwenye beseni la ndani la figo na kurudi, na saa nzima utajiuliza kwa nini rangi haibadiliki.

Ingiza kanula kwenye ateri kiasi cha sentimita 1. Usiisukume mbali, kwa sababu ateri hugawanyika mapema, na kanula ikizama kwenye tawi moja utapata figo yenye nusu nyeupe na nusu ya kahawia. Funga kwa uzi mara mbili, funga jingine nyuma ya kichwa cha kanula. Vena iachwe wazi. Maji yatatokea huko.

Kupitisha maji na sabuni

Jaza ndoo ya kwanza maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Itundike hadi uso wa maji uwe sentimita 80 mpaka 100 juu ya figo. Mita moja ya maji ni sawa na shinikizo la milimita 74 za zebaki, chini kidogo ya shinikizo la damu la kawaida la mnyama mwenyewe. Ukitundika kwenye boriti ya dari unapata mita mbili na zaidi, na gamba litatengana na nyama kwa malengelenge. Jaza mpira wa dripu mpaka hewa yote itoke ndipo uunganishe. Puto moja la hewa linatosha kuziba mamia ya kapilari, na halitoki tena.

Acha lita 2 zipite. Maji yanayotoka kwenye vena yataanza mekundu, yawe ya waridi, kisha maangavu, na figo yenyewe itapauka. Sehemu inayobaki na madoa meusi ina damu iliyoganda. Ipapase taratibu kwa kidole huku maji yakipita. Mara nyingi huachia, isipoachia ikubali.

Sabuni ya nusu asilimia iandae usiku uliotangulia: gramu 71 za ungarol kwa lita 10. Koroga polepole kwa mwiko, mfuniko juu, uache ilale mpaka povu lote lipotee. Badilisha ndoo bila kuruhusu hewa, na uweke mwendo wa mililita 5 kwa dakika. Kwa dripu ya kawaida ya matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 100 kwa dakika, takriban lita 7 kwa siku. Figo ikae ndani ya bakuli lenye sabuni hiyo hiyo, isikauke juu, na bakuli likae ndani ya sanduku lenye barafu kidogo. Joto la Lamu ni adui mkubwa. Kwenye nyuzi 30 nyama isiyo na uhai huanza kuoza ndani ya siku moja, na vimeng'enya vya bakteria hula kolajeni, protini kuu ya matriksi, ileile unayotaka kuihifadhi. Lenga nyuzi 10 hadi 18.

Saa sita za kwanza utaona maji mazito ya kahawia, kisha meupe kama maziwa yaliyochujwa. Siku ya pili badilisha kwa mchanganyiko wa asilimia moja: lita 5, gramu 71. Kingo za figo huwa nyeupe kwanza, na sehemu ya ndani ndiyo huchelewa. Ikifika mahali ukiweka tochi nyuma unaona kivuli cha matawi ya mishipa, sabuni imemaliza kazi. Usiiongezee siku ya tatu kwa tamaa ya weupe. Sabuni ikizidi huchukua zile sukari ndefu zinazoshikilia maji, na figo hubaki kama kitambaa kilichokamuliwa.

Wengine hufupisha kazi hapa kwenye kuosha. Ni kosa. Sabuni iliyonasa ndani huua seli yoyote mpya, na pia huharibu vipimo vyako. Pitisha maji ya mvua lita 5, kisha maji ya chumvi ya gramu 9 lita 5, kisha ya mvua tena. Kipimo ni rahisi: chukua mililita 10 za maji yanayotoka, tia kwenye kichupa, tikisa kwa nguvu mara kumi. Povu likidumu zaidi ya dakika moja, endelea kuosha. Kwa kawaida hii huchukua siku mbili, muda uleule uliotumia kwenye sabuni.

Yanayoharibika

Mtiririko ukipungua ghafla katikati ya siku ya kwanza na kwenye vena kukatokea ute unaovutika, hiyo ni DNA. Seli zimepasuka zote kwa pamoja na nyuzi zao zimeziba njia. Usiongeze shinikizo. Rudi kwenye maji yenye gramu 58 za chumvi kwa lita kwa dakika 20. Chumvi nyingi huzilegeza nyuzi hizo na protini zilizozishika. Kisha endelea na sabuni kwa nusu ya mwendo.

Unga mweupe ndani ya mpira wa dripu maana yake maji yana chokaa, au mtu ametumia chumvi mbadala ya kupunguza sodiamu, ile yenye potasiamu. Potasiamu hugandana na sodiamu dodesili salfeti, kama ndiyo uliyotumia. Mwaga yote, anza na maji mapya.

Harufu ya kuoza siku ya pili haina dawa. Tupa.

Kuthibitisha kwamba seli zimetoka

Kwa wembe kata kipande chembamba cha figo nyeupe na kingine cha figo ya kulinganishia. Vitie kwenye methilini bluu ya moja kwa elfu kwa dakika 5, suuza, tazama kwa ukuzaji wa mara 400. Kwenye figo mbichi utaona vidoto vya bluu iliyokoza, maelfu kwa maelfu: hivyo ni viini vya seli. Kwenye figo iliyooshwa utaona nyuzi na kuta tupu zenye bluu hafifu, bila vidoto. Rangi hii hujishika pia na sabuni, kwa hiyo kipande kikigeuka bluu nzito kila mahali bila umbo lolote, hujaosha vya kutosha. Rudi kwenye ndoo.

Punguza ukuzaji hadi mara 100 utafute vitufe vya kuchujia kwenye eneo la nje. Huonekana kama vijitundu vya duara vyenye fundo la kapilari tupu ndani. Katika figo ya binadamu vipo takriban milioni moja, na tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa sana: kuanzia kama laki mbili hadi zaidi ya milioni mbili.

Ukitaka ya maonyesho, loweka kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa siku moja kisha uhamishie kwenye glisirini. Ukitaka mti wa mishipa uonekane, ingiza kwa bomba la sindano jelatini yenye rangi ya chakula, vuguvugu, kwenye kanula ileile. (Jelatini yenyewe ni kolajeni iliyochemshwa, basi unaijaza matriksi kwa matriksi.)

Kuisoma figo uliyoipata

Hapa ndipo kazi inalipa. Sasa una swali mkononi: hizi kuta tupu ni alama tu zilizoachwa na seli, au zilishiriki kuzipa seli umbo?

Figo ya kudumu ya binadamu huanza karibu wiki ya tano ya ujauzito. Kichipukizi kutoka kwenye mrija wa awali huingia ndani ya rundo la seli legevu, na vitu hivyo viwili huanza kushawishiana. Kichipukizi hutoa matawi, matawi hutoa matawi. Kwenye kila ncha rundo la seli legevu hukazana na kugeuka kijirija. Kabla hazijakazana, seli hizo zimezungukwa na kolajeni ya aina ya kwanza na ya tatu pamoja na protini iitwayo fibronektini, yaani matriksi ya kutembelea. Zikipokea ishara, zinaiondoa na kutandaza nyingine: protini iitwayo laminini na kolajeni ya aina ya nne, ambazo hushonana kuwa utando wa msingi. Majaribio ya miaka ya 1980 kwenye figo changa za panya zilizokuzwa maabara yalionyesha kwamba ukiizuia laminini kwa kingamwili, seli hushindwa kujipanga. Hazijui upande wa juu wala wa chini, na kijirija hakipatikani. Kwa hiyo utando hauji baada ya umbo. Utando ndio unaoiambia seli chini ni wapi.

Seli husoma utando huo kwa mikono inayoitwa integrini. Nje integrini hushika laminini, kolajeni au fibronektini. Ndani huungana na nyuzi za aktini zinazovuta. Kwa njia hiyo mvuto wa nje hufika ndani ya seli na kubadilisha jeni zinazosomwa. Panya wanaokosa integrini moja tu, ile inayoitwa alfa 8, wengi huzaliwa bila figo moja au zote mbili, kwa sababu kichipukizi hakiitwi ipasavyo kuingia kwenye rundo. Kosa liko kwenye mshiko wa matriksi, matokeo ni kiungo kizima kukosekana.

Upana wa chumba katika nyumba ya mawe ya Lamu huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, si na matakwa ya mwenye nyumba. Fundi hujenga ndani ya kipimo hicho. Seli nazo hujenga ndani ya kipimo cha matriksi, ila tofauti yake na fundi ni kwamba boriti zenyewe huzitengeneza, huzikata na kuzibadilisha kila siku.

Kubadilisha huko kunaonekana wazi kwenye utando wa kitufe cha kuchujia. Kwenye kiinitete utando huo una kolajeni ya nne iliyosokotwa kwa nyuzi za alfa 1 na alfa 2. Kitufe kikikomaa, nafasi yake huchukuliwa na mchanganyiko wa alfa 3, 4 na 5, ambao umefungamana kwa nguvu zaidi. Mtu mwenye hitilafu kwenye mojawapo ya jeni hizo tatu hubaki na utando wa kitoto. Hufanya kazi utotoni, lakini shinikizo la damu la miaka mingi huupasua: damu kwenye mkojo, kisha figo kushindwa, mara nyingi na usikivu kupungua. Huo ni ugonjwa wa Alport, na kwa kuwa jeni ya alfa 5 iko kwenye kromosomu ya X, wavulana huumia zaidi.

Ugumu wa matriksi nao ni ujumbe. Mwaka 2006 mtafiti Engler na wenzake nchini Marekani waliweka seli shina za uboho za binadamu juu ya jeli zenye ugumu tofauti. Kwenye jeli laini ya kilopaskali (kipimo cha ugumu) 0.1 hadi 1 zilielekea kufanana na neva. Kwenye 8 hadi 17, misuli. Kwenye 25 hadi 40, mfupa. Hapo kilichotofautisha ni ugumu wa jeli, chakula kikiwa kimoja. Wavuvi wa majongoo bahari wanaijua nusu ya jambo hili kwa mikono: jongoo akiguswa ngozi hukakamaa, akisuguliwa sana hulegea karibu kumwagika, na kinachobadilika humo kwa sehemu kubwa ni mshikamano wa kolajeni yenyewe.

Na figo nyeupe uliyo nayo inaweza kukaliwa tena? Kwa kiasi. Mwaka 2008 watafiti Ott, Taylor na wenzao walitoa seli kwenye moyo wa panya kwa njia hii hii, wakarudishia seli changa. Siku ya nne waliona mikazo, na siku ya nane nguvu yake ilifika takriban asilimia 2 ya moyo wa panya aliyekomaa. Mwaka 2013 kundi la Ott lilifanya vivyo hivyo kwa figo ya panya na ikatoa mkojo hafifu. Seli zilizomwagwa kwenye mishipa zilielekea zaidi kwenye kuta zilizowafaa, na matriksi ilionekana kuwa na sehemu ya anwani ndani yake. Bado ni mbali na figo ya kumpandikiza mgonjwa.

Yai: matriksi ikiwa kazini

Figo imekuonyesha kilichobaki. Yai linaonyesha kinachoendelea. Kiini cha yai kimefunikwa na utando mwembamba, usio na seli hata moja, ulioanza kutengenezwa kwenye ovari ya kuku. Kiinitete hutambaa chini ya utando huo: seli za ukingo hushika upande wake wa ndani na kusonga mbele, zikivuta shuka zima la seli nyuma yao. Mwanabayolojia Dennis New alionyesha katika miaka ya 1950 kwamba mtambao huo unahitaji utando, na utando uwe umekazwa.

Pata mayai yaliyorutubishwa, ya kuku anayefugwa pamoja na jogoo. Kuku akitaga asubuhi, yaokote asubuhi. Kiinitete husimama kikiwa chini ya nyuzi 21 hivi, na nyumba za Lamu hazifiki huko. Yai lililokaa rafuni siku tatu limeanza kukua kwa kusuasua na huwezi kujua limefika wapi. Yaweke kwenye sanduku lenye chupa za barafu zilizofungwa kitambaa, nyuzi 15 hadi 18, yasipite siku tano.

Agari: chemsha gramu 0.72 kwenye mililita 120 za maji yenye chumvi gramu 7.2 kwa lita. Usibadilishe kwa mwani unaolimwa pwani ya kusini. Ule hutoa karajini, ambayo huganda kwa tabia tofauti. Ipoe hadi nyuzi 49, changanya na mililita 120 za ute mwepesi wa yai uliopigwa dakika moja, ongeza glukosi kidogo sana. Ikiwa moto zaidi ya hapo ute utapikika. Mimina mililita 2.5 kwa kila kisahani cha milimita 35.

Atamisha mayai kwa nyuzi 37.5 hadi 38 kwa saa 20 hadi 24. Pasua kwenye bakuli, kiinitete kitaelea juu. Pangusa ute mzito unaokizunguka kwa karatasi laini. Ukiacha ute, karatasi haishiki. Kata kipande cha karatasi ya kuchujia chenye tundu la sentimita 1 na nusu, kiweke kiinitete kiwe katikati ya tundu, subiri sekunde 30, kata utando kuzunguka karatasi, nyanyua kwa kuuvuta upande mmoja polepole. Suuza kiini kilichoshika kwa maji ya chumvi, laza kwenye agari tumbo likiangalia juu. Sasa utando umekazwa kwenye karatasi.

Fanya hivyo kwa viinitete sita. Vitatu viache. Kwenye vitatu vingine kata utando pande mbili uachane na karatasi, ulegee. Funika, rudisha kwenye joto pamoja na kitambaa chenye maji. Baada ya saa 18 hadi 24, vile vya utando uliokazwa ukingo utakuwa umesambaa, na katikati utaona mrija wa neva ukifunga na vipingili vya mgongo. Vile vilivyolegezwa, ukingo husita au hujikunja, na mhimili mara nyingi hupinda. Joto na chakula ni vilevile. Ulichoondoa ni mkazo wa kitu kisicho na uhai.

Usihesabu umri kwa saa. Umeme ukikatika saa mbili, saa yako ni uongo. Linganisha na hatua za Hamburger na Hamilton za mwaka 1951, orodha ya hatua za ukuaji wa kiinitete cha kuku, uhesabu vipingili.

Mfupa

Hili ni la siku moja ya maandalizi na mengine ni kungoja. Mfupa wa paja la kuku uloweke kwenye siki ya asilimia 5, ubadilishe kila siku kwa siku tano. Madini huyeyuka na mfupa hupindika kama mpira bila kupoteza umbo, kwa kuwa kolajeni, takriban theluthi moja ya uzito wake, imebaki. Wa pili uchome kwenye makaa mpaka uwe mweupe: kolajeni imeungua, madini yamebaki, umbo lipo, na ukiubana kwa vidole unavunjika. Ukibanwa muda, lifanye hili pekee siku ya darasa na figo uilete ikiwa tayari.

Viinitete vyote simamisha kabla ya saa 72 tangu kuatamisha, kwa kuvigandisha. Mabaki ya figo yazikwe nusu mita chini, mbali na kisima. Maji ya sabuni yamwagwe kwenye shimo la choo, yasielekezwe kwenye mfereji unaoshuka baharini.